Kazi nzuri: Zinanunuliwa au zinajengwa?

Tarehe 30 Julai mwaka 2003 kampuni ya nguo ya Pillowtex ilifunga viwanda vyake. Katika jimbo la North Carolina, kusini-mashariki mwa Marekani, watu wapatao 4,800 walipoteza kazi kwa siku moja. Wengi wao walikuwa wakazi wa Kannapolis, mji mdogo ambao kwa karibu miaka mia moja uliishi kwa kufuma taulo na mashuka. Hadi siku hiyo, jimbo hilo lilikuwa halijapata kushuhudia watu wengi kiasi hicho wakiachishwa kazi kwa mkupuo mmoja.

Wengi wa walioachishwa hawakuwa na cheti cha shule ya sekondari. Waliingia kiwandani wangali vijana, kama walivyofanya wazazi wao kabla yao, na kiwanda hakikuwadai cheti. Lango lilipofungwa, walijikuta na ujuzi usiohitajika tena mahali popote katika wilaya yao, na wengi wakapoteza pia bima ya afya iliyofungamana na ajira.

Serikali ya jimbo ilikabiliwa na swali ambalo leo linaulizwa pia Kisumu, Mombasa na Mwanza: je, serikali isiyo na mamlaka juu ya sarafu, forodha wala mipaka ya nchi inaweza kufanya nini ili watu wake wapate kazi, tena kazi za maana?

North Carolina ni mahali pazuri pa kutafuta jibu, kwa sababu limejaribu takriban kila njia. Liliwahi kumwaga fedha kuwavuta wawekezaji wakaondoka, na pia liliwahi kuwekeza katika mambo yaliyochukua miaka 20 kuzaa matunda. Tofauti kati ya njia hizo mbili ndiyo kiini cha mjadala wote.

Mipaka ya jimbo

Marekani ni shirikisho la majimbo 50. Serikali kuu mjini Washington ndiyo inayosimamia sarafu, ushuru wa forodha, mikataba ya biashara ya nje na uhamiaji. Mambo yaliyoiangusha sekta ya nguo ya North Carolina yaliamuliwa mbali na mji wake mkuu, Raleigh: mkataba wa biashara huria na Mexico na Canada ulioanza kutumika mwaka 1994, China kujiunga na Shirika la Biashara Duniani mwaka 2001, na kuondolewa kwa ukomo wa uagizaji wa nguo duniani tarehe 1 Januari 2005. Gavana hakuwa na uwezo wa kuzuia hata moja kati ya hayo.

Hata hivyo, jimbo si mtazamaji tu. Lina haki ya kutoza kodi zake, linaendesha vyuo vikuu na vyuo vya ufundi, linajenga barabara, linatunga sheria za kazi na linaweza kupanga kima cha chini cha mshahara kilicho juu ya kile cha taifa.

Ni vyema pia kueleza maana ya kazi nzuri, kwani wanasiasa hupenda kuhesabu ajira bila kuzipima. Kazi nzuri ni ile ambayo mshahara wake unamtosha mtu kulipa pango, chakula na karo bila kutafuta kibarua cha pili. Yenye bima ya afya. Isiyoweza kukatishwa kwa neno moja la msimamizi. Na inayompa mtu nafasi ya kupanda ngazi. Kwa kipimo hicho, kiwanda kinachoajiri watu 1,000 kwa ujira wa kijungujiko si lazima kiwe ushindi mkubwa kuliko kile kinachoajiri watu 300.

Mbegu iliyopandwa mwaka 1959

Katika miaka ya 1950 North Carolina lilikuwa miongoni mwa majimbo yenye kipato cha chini kabisa nchini Marekani. Uchumi wake ulisimama juu ya mafiga matatu: tumbaku, nguo na samani. Vijana waliohitimu katika vyuo vikuu vyake walihamia majimbo mengine kwa sababu nyumbani hapakuwa na kazi ya kiwango chao.

Gavana Luther Hodges, ambaye mwenyewe alitoka katika biashara ya nguo, aliunga mkono wazo la kutumia vyuo vikuu vitatu vilivyo karibu karibu: Duke mjini Durham, Chuo Kikuu cha North Carolina mjini Chapel Hill, na chuo kikuu cha jimbo mjini Raleigh. Katikati ya miji hiyo palikuwa na msitu wa misonobari na ardhi isiyofaa sana kwa kilimo. Hapo ndipo ilipoanzishwa, mwaka 1959, Research Triangle Park, eneo lililotengwa kwa ajili ya makampuni na taasisi za utafiti.

Mpango huo ulikaribia kufa mapema. Mwanzoni ulikuwa mradi wa kibiashara, na hisa zake hazikupata wanunuzi. Mwenye benki Archie Davis alishauri ugeuzwe kuwa wakfu usiotafuta faida, kisha akazunguka jimboni akichangisha fedha kutoka kwa raia na makampuni. Serikali haikuwa mmiliki wa eneo hilo. Mchango wake ulikuwa kutoa uzito wa ofisi ya gavana, barabara na vyuo vikuu.

Miaka ya mwanzo ilikuwa mikavu. Hali ilibadilika mwaka 1965, kampuni ya kompyuta ya IBM ilipotangaza kuja, na serikali kuu ikaamua kuweka hapo taasisi ya taifa ya sayansi ya afya na mazingira. Leo eneo hilo lina mamia ya makampuni na makumi ya maelfu ya wafanyakazi. Hodges aliondoka madarakani mwaka 1961, kabla ya matunda hayo kuonekana, jambo linaloeleza kwa nini wanasiasa wengi hawapendi miradi ya namna hiyo.

Chuo karibu na kila mlango

Uamuzi wa pili ulivuma kidogo kuliko wa kwanza, lakini pengine uliwafikia watu wengi zaidi. Mwaka 1963, chini ya Gavana Terry Sanford, bunge la jimbo lilipitisha sheria ya vyuo vya jamii. Hivi leo viko 58, vimetawanywa katika jimbo lenye kaunti 100, na shabaha ilikuwa kila mkazi awe na chuo kisicho mbali na nyumbani kwake.

Vyuo hivi havifanani na vyuo vikuu. Mtu mzima aliyeacha shule anaweza kurudi kutafuta cheti cha sekondari. Fundi anaweza kujifunza uchomeleaji au uendeshaji wa mashine zinazoongozwa na kompyuta. Wageni husoma Kiingereza, na miongoni mwao wamo wasemaji wa Kiswahili kutoka mashariki mwa Kongo waliopewa makazi katika miji kama Greensboro, Raleigh na Charlotte.

Jambo linalowavutia wenye viwanda ni mafunzo yanayoshonwa kwa kipimo chao. Kampuni inapokubali kufungua kiwanda na kuajiri, chuo cha jamii huandaa mafunzo yanayolingana na mitambo ya kampuni hiyo, na jimbo hulipa gharama. North Carolina lilianza utaratibu huu mwishoni mwa miaka ya 1950. Jimbo jirani la South Carolina liliunda mfumo kama huo mwaka 1961, na ulikuwa sehemu ya mambo yaliyoivuta BMW kujenga kiwanda chake karibu na Spartanburg katika miaka ya 1990.

Pillowtex ilipofungwa, chuo cha jamii cha Rowan-Cabarrus kilipokea wafumaji wa zamani kwa mamia, wengi wakilipiwa na mpango wa serikali kuu wa kuwasaidia walioathiriwa na biashara ya nje. Baadhi walitoka na vyeti vya uuguzi msaidizi au ufundi. Wengine, hasa wenye umri mkubwa, waliishia katika kazi zenye ujira mdogo kuliko ule wa kiwandani. Mafunzo yana faida, lakini hayafuti machungu yote, na hayasaidii kitu pale ambapo hakuna mwajiri anayewasubiri wahitimu.

Mnada wa wawekezaji

Njia ya kumpata mwajiri ambayo magavana huipenda zaidi ni kumlipa aje. Majimbo hushindana kama wanunuzi kwenye mnada, kila moja likipandisha dau la misamaha ya kodi, ardhi ya bure na ruzuku.

Mwaka 2004 North Carolina lilishinda mnada wa kiwanda cha kompyuta cha Dell. Kifurushi cha jimbo kilifikia dola milioni 242 kama masharti yote yangetimizwa, na serikali za mitaa ziliongeza chao. Kampuni iliahidi kuajiri watu 1,500 ndani ya miaka mitano. Kiwanda kilifunguliwa karibu na Winston-Salem mwezi Oktoba 2005. Miaka minne baadaye, Oktoba 2009, Dell ilitangaza kukifunga, na kazi zipatazo 900 zikatoweka. Wateja walikuwa wamehamia kwenye kompyuta za mkononi, ilhali kiwanda kilijengwa kwa ajili ya kompyuta za mezani.

Hapo ndipo maandishi madogo ya mkataba yalipookoa jahazi. Mji wa Winston-Salem na kaunti ya Forsyth zilikuwa zimeweka kifungu kinachoilazimu kampuni kurejesha fedha iwapo itavunja ahadi, na Dell ilirejesha mamilioni ya dola. Sehemu kubwa ya nafuu ya kodi ya jimbo nayo ilikuwa haijatolewa, kwa kuwa ilitegemea ajira na uwekezaji wenyewe. Wahenga walisema ahadi ni deni. Mkataba wa Winston-Salem uliligeuza deni hilo kuwa la kisheria.

Mfano mkubwa zaidi ulitokea katika jimbo la Wisconsin. Mwaka 2017 Gavana Scott Walker alitia saini mkataba na kampuni ya Foxconn ya Taiwan: karibu dola bilioni 3 za jimbo kwa kiwanda cha vioo vya televisheni ambacho kingeajiri watu 13,000. Kiwanda hicho hakikujengwa kama kilivyoahidiwa. Mwaka 2021, chini ya Gavana Tony Evers, mkataba ulipunguzwa hadi dola milioni 80 kwa ajira 1,454. Kwa kuwa nafuu ya kodi ilifungamana na ajira, mabilioni hayo hayakutoka. Lakini mamia ya mamilioni ya dola yalikuwa yamekwisha kutumika kununua ardhi na kujenga barabara na mabomba ya maji, na familia kadhaa zilikuwa zimeshahama kupisha mradi.

Kuna usemi wa Kiswahili: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika minada hii mara nyingi mgeni ndiye anayepona.

Kulipa baada ya kazi

Mwanauchumi Timothy Bartik wa taasisi ya Upjohn, iliyoko Kalamazoo katika jimbo la Michigan, ameitafiti misamaha hii kwa miongo kadhaa. Katika tathmini aliyoitoa mwaka 2018, alikadiria kuwa vivutio vya kodi hubadilisha uamuzi wa kampuni katika asilimia 2 hadi 25 tu ya kesi. Kwa maneno mengine, walau makampuni matatu kati ya manne yanayopewa vivutio yangekuja au kubaki hata bila kulipwa. Bartik anaonesha pia kwamba mafunzo ya wafanyakazi na ushauri kwa viwanda vidogo na vya kati huzalisha ajira nyingi zaidi kwa kila dola kuliko fedha taslimu zinazopewa makampuni makubwa.

North Carolina halikuacha vivutio, ila limejaribu kuvitia hatamu. Chini ya mpango ulioundwa mwaka 2002, kampuni hailipwi kwa kuahidi. Kila mwaka huthibitishwa kwanza kwamba imeajiri idadi iliyokubaliwa na kulipa mishahara iliyokubaliwa, ndipo inaporudishiwa sehemu ya kodi ya mapato iliyokatwa kwa wafanyakazi hao wapya. Kampuni inayochagua kaunti tajiri hukatwa sehemu ya ruzuku yake, na fedha hizo huingia katika mfuko wa kujenga maji na miundombinu katika kaunti maskini.

Utaratibu huo hauzuii ahadi hewa. Kampuni ya magari ya umeme ya VinFast kutoka Vietnam ilitangaza mwaka 2022 kwamba ingeajiri watu 7,500 katika kaunti ya Chatham, na mwaka 2024 ikasogeza ufunguzi hadi 2028. Unachozuia ni serikali kulipia mishahara ya watu ambao hawajaajiriwa. Kwa upande mwingine, kiwanda cha betri cha Toyota katika kaunti ya Randolph, kilichotangazwa mwaka 2021 kwa ajira 1,750, kilipanuliwa katika mipango hadi zaidi ya 5,000, na uzalishaji ukaanza mwaka 2025.

Kutoka tumbaku hadi dawa

Mfano unaosifiwa zaidi na wachambuzi ni wa viwanda vya dawa. Mwaka 1984 jimbo lilianzisha kituo cha bayoteknolojia, wakati ambapo wapiga kura wengi hawakujua neno hilo lina maana gani. Mwaka 1998 makampuni ya sigara yalikubali kuyalipa majimbo ya Marekani mabilioni ya dola kwa sababu ya madhara ya uvutaji. Nusu ya fedha za North Carolina zilielekezwa mwaka 1999 katika wakfu wa Golden LEAF, ulioundwa ili kusaidia maeneo yaliyotegemea tumbaku.

Sehemu ya fedha hizo ilijenga kituo cha mafunzo katika chuo kikuu cha jimbo mjini Raleigh, kilichofunguliwa mwaka 2007. Humo wanafunzi hujifunzia kwenye matangi na mitambo ya ukubwa unaokaribia ule wa kiwandani. Vyuo vya jamii navyo vilianzisha kozi fupi ya BioWork, inayomwezesha mtu asiye na shahada kuwa fundi wa uzalishaji wa dawa. Hivyo mtoto wa mkulima wa tumbaku anaweza kuingia katika kiwanda cha dawa kilicho mwendo mfupi kutoka shambani kwao.

Kampuni ya Novo Nordisk ya Denmark, inayotengeneza dawa za kisukari, imekuwapo katika mji wa Clayton tangu miaka ya 1990, na mwezi Juni 2024 ilitangaza upanuzi wa dola bilioni 4.1. Jimbo linatoa vivutio hata huko. Lakini mitambo ya dawa haihamishwi kwa urahisi, na kampuni inayowakuta mafundi maelfu waliokwisha kufundishwa ina sababu ya kubaki hata ruzuku inapokwisha.

Upande wa pili wa sarafu

Picha hii isidhaniwe kuwa ya peponi. Kima cha chini cha mshahara katika North Carolina ni kile kile cha taifa, dola 7.25 kwa saa, ambacho hakijapanda tangu Julai 2009. Sheria ya mwaka 1947 ilidhoofisha vyama vya wafanyakazi, na nyingine ya mwaka 1959 inazikataza serikali ndani ya jimbo kufunga mikataba ya pamoja na watumishi wake. Jimbo hili liko miongoni mwa yale yenye wanachama wachache kabisa wa vyama hivyo nchini Marekani. Wafanyakazi wa Kannapolis walipofanikiwa hatimaye kupiga kura ya kujiunga na chama mwaka 1999, baada ya miongo ya kushindwa, zilikuwa zimebaki mbichi za miaka minne tu kabla kiwanda hakijafungwa.

Matokeo yake ni jimbo lenye nyuso mbili: mhandisi wa Research Triangle Park anayelipwa vizuri, na mhudumu wa mgahawa anaonunua chakula chake cha mchana ambaye anafanya kazi mbili. Serikali iliyowekeza katika kuleta kazi za juu haikufanya bidii ile ile kuziinua kazi za chini. Hatua moja kubwa ya miaka ya karibuni ni ya tarehe 1 Desemba 2023, jimbo lilipopanua bima ya afya ya umma. Zaidi ya watu 600,000 walijiandikisha, wengi wao wakiwa na kazi isiyowapa bima.

Wanachoweza kuchukua Waafrika Mashariki

Hali hazilingani, na si busara kuiga kwa kunakili. Kaunti 47 za Kenya, zilizoanza kazi mwaka 2013, hutegemea zaidi mgawo wa serikali kuu na hazina uwezo wa kodi wa jimbo la Marekani. Lakini katiba ya mwaka 2010 ilizipa jukumu moja linalogusa moja kwa moja suala hili: vyuo vya ufundi vya vijijini. Tanzania nayo ina mamlaka ya elimu ya ufundi, VETA, tangu mwaka 1994, na waajiri hutozwa kodi maalumu ya kuendeleza ujuzi.

Kanda hii inaifahamu pia njia ya mnada. Kenya ilitunga sheria ya maeneo ya uzalishaji kwa mauzo ya nje mwaka 1990, ikiyapa makampuni msamaha wa kodi ya faida kwa miaka 10 ya mwanzo. Viwanda vya nguo vya Athi River viliajiri maelfu ya watu, wengi wakiwa wanawake. Msamaha wa namna hiyo hutolewa kwa kampuni kuwa mahali fulani. Ule wa North Carolina wa baada ya mwaka 2002 hulipwa kwa kazi iliyothibitishwa na mshahara uliothibitishwa. Serikali inayotaka kazi nzuri, si kazi tu, ina sababu ya kuuliza ni upi kati ya hiyo miwili unaoitumikia.

Kiongozi anayekabidhiwa mkataba wa mwekezaji anaweza kuupima kwa maswali manne. Fedha zinatoka kabla au baada ya watu kuajiriwa? Mshahara umetajwa, au idadi ya watu pekee? Kampuni ikiondoka, itarejesha nini? Na baada ya kuondoka kwake, nchi itabaki na nini?

Swali la nne ndilo zito kuliko yote. Dell ilipoondoka ilibaki bohari tupu. Pillowtex ilipoondoka, chuo cha jamii kilikuwapo tangu 1963, na milango yake ilikuwa wazi.